MAKUMBUSHO YA ARUSHA NA WAZEE WA MERU

Mjini Arusha mna nyumba mbili za makumbusho ambazo kila mgeni huonyeshwa. Ya kwanza ni Boma la Wajerumani, lililojengwa kwa kazi ya shuruti ya Waarusha na Wameru na kukamilika mwaka 1900; humo sasa huonyeshwa viumbe na asili ya binadamu. Ya pili ipo Kaloleni, ambako Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha Januari 1967. Kwa desturi, mtaalamu huandika maneno ya ukutani, naye mwananchi huja kuyasoma. Sisi twaona utaratibu huo wafaa kugeuzwa, na habari ya kuanzia tunayo.

Mwezi Novemba 1951 Serikali ya Kiingereza ilianza kuwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, katika mashamba namba 31 na 328, ili ardhi hiyo wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto na mifugo mingi ikapotea. Walitakiwa waende King'ori, nao wakakataa. Wakachangishana fedha, wakamtuma Bwana Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, hata akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, lakini Tanganyika nzima ilikwisha kuamka.

Yaliyosemwa New York yameandikwa. Bali nani alibeba mtoto usiku ule, nani alificha ng'ombe kwa shemeji yake, nani alitoa shilingi ya mwisho kwa safari ya Bwana Kirilo, hayo wanayo wazee. Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa amepita 80.

Kila mwaka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, na wa vyuo vingine, hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wengi huishia kupanga mafaili. (Wengine, twasikia, hutumwa chai.) Kwa nini wasipelekwe Engare Nanyuki, Poli na Akeri, wakae majuma sita pamoja na vijana wa huko wanaojua Kimeru, wasikilize na kuandika? Tengeru kwenyewe pana makaburi ya wakimbizi wa Kipoland waliohifadhiwa hapo tangu 1942; majirani wa kambi ile nao wana ya kusimulia.

Tena si jambo geni. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, tangu miaka ya 1990 kimewaalika watu wa makabila waje wenyewe kuonyesha mila zao.

Hofu moja twaikubali. Mwanafunzi aweza kuchukua picha pekee ya marehemu babu, akapata alama zake chuoni, na picha isirudi. Wazee wamekwisha kuumwa na nyoka huyo. Kwa hiyo picha zinakiliwe pale pale nyumbani, asili ibaki kwa mwenyewe, na jina lake liandikwe chini yake akipenda. Tena maonyesho yatundikwe kwanza Engare Nanyuki kwa mwezi mzima, shuleni au kanisani, wazee wayasahihishe na kugombana juu yake wapendavyo, ndipo yaletwe mjini.

Likizo ndefu ya vyuo ijayo yatosha kuanza.