Kifuniko cha Ziwa Kivu



Wanafunzi wetu hutuuliza mara kwa mara kama ni kweli kwamba Ziwa Kivu laweza kulipuka. Swali hilo lilizidi tangu Mei 2021, mlima wa Nyiragongo ulipotapika moto, na siku chache baadaye watu wengi wa Goma wakaamriwa kuuhama mji, kwa hofu kwamba moto huo ungeweza kutokea hata chini ya ziwa. Wako wanaojibu swali hilo kwa mzaha, na wako wanaojibu kwa vitisho. Sisi twaona heri tuanze na chupa ya limonadi.

Itazameni kabla haijafunguliwa: maji yake yametulia, hamna hata povu moja. Ikifunguliwa tu, mapovu yafoka. Hewa ile ilikuwamo tangu mwanzo, lakini mkandamizo uliofungiwa chini ya kifuniko uliizuia isitoke majini. Ndivyo lilivyo Ziwa Kivu. Vilindi vyake vina hewa ya ukaa na hewa iwakayo iitwayo metani. Kama zingetolewa huku juu, ya kwanza ingejaza karibu kilometa za mchemraba 300, na ya pili karibu 60. Ila ziwa halina kifuniko cha bati. Kifuniko chake ni maji yenyewe.

Maji yana uzito. Kila meta 10 za kushuka huongeza mkandamizo wa karibu kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Kwenye kina cha meta 350, basi, ni kilo 35. Juu ya kiganja cha sentimita za mraba 100 ingekuwa tani 3 na nusu. Wala upana wa ziwa haufanyi kitu hapo, bali kina peke yake. Asiyesadiki na akate kitako cha chupa, aigeuze, kisha aunganishe mdomo wake na mrija mwembamba uangazao, ulioinuliwa kando yake. Akitia maji ataona yamesimama sawasawa pande zote mbili: maji mengi ya chupa hayawezi kuyashinda maji machache ya mrija. Kila mwaka darasani kuna mmoja anayedhani tumemfanyia kiinimacho.

Na juu ya maji kuna hewa, nayo ina uzito. Mwaka 1644 Torricelli, Mwitalia, alieleza jinsi alivyojaza zebaki katika mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaupindua ndani ya bakuli, na zebaki isishuke yote: ilisimama karibu sentimita 76, maana hewa ya nje yaikandamiza ile ya bakulini. Tarehe 19 Septemba 1648 Florin Périer, shemeji yake Pascal, aliupandisha mrija wa namna hiyo juu ya mlima wa Puy de Dôme huko Ufaransa. Kileleni zebaki ilishuka kwa zaidi ya sentimita 8. Kilele hicho kina meta 1,465 juu ya bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu meta 1,460. Hivyo mvuvi wa Kivu, akiwa amekaa chini kabisa ndani ya mtumbwi wake, amebeba hewa nyepesi kama Périer kileleni, na zebaki hapo husimama karibu sentimita 64 tu. Ndiyo sababu pampu ya kufyonza, ambayo pwani ingeweza kuvuta maji hadi meta 10, kwetu haipiti 9, hata ikiwa mpya.

Vilindini mrija wa zebaki haufai. Wataalamu huteremsha kwa kamba ndefu chombo chenye kiwambo chembamba kinachobonyea kwa mkandamizo wa maji, na umeme huhesabu kimebonyea kiasi gani. Chombo kingine kina ngozi inayopitisha hewa na kuzuia maji. Hicho chapima nguvu ya hewa inayotaka kutoka. Vipimo hivyo viwili ndivyo vya kulinganishwa. Hewa ikifikia nguvu ya kifuniko, mapovu huanza.

Mambo hayo yalitukia kweli katika Ziwa Nyos, huko Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986. Hewa ya ukaa ilifoka usiku, ikatelemka mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa yetu, ikaua watu karibu 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Katika Kivu, nguvu ya hewa hata pale ilipo kubwa kabisa ni kama nusu tu ya mkandamizo wa maji, na vipimo vya mwaka 2018 havikuonyesha kwamba yaongezeka upesi. Moto wa Nyiragongo wa Januari 2002 uliingia ziwani, lakini haukufika kwenye vilindi vyenye hewa nyingi, vilivyo chini ya meta 260 hivi.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama kifuniko hicho chaweza kufunguliwa kidogo kidogo. Chaweza. Huko Nyos bomba la kutoa hewa lilitiwa mwaka 2001. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, tangu mwaka 2016 maji huvutwa kutoka meta 350 hivi ili metani yake itoe umeme wa megawati 26. Pampu huyaanzisha tu. Yakisha kupanda, mkandamizo hupungua, mapovu hutokea bombani, na maji hayo mepesi hupanda yenyewe.