Mzabibu Wao Una Cheti, Muatine Wetu Una Shoka

Mwezi uliopita mabeshte walinikokota hadi hoteli moja hapa Machakos kuonja waini. Elfu mbili kwa kichwa, glasi nne na vipande vya jibini. Glasi ya mwisho ndiyo iliyopewa heshima: nyekundu, mchanganyiko wa zabibu za Cinsault na nyingine mbili, kutoka mizabibu mikongwe ya Rasi huko Afrika Kusini. Jamaa aliyekuwa akimimina alishusha sauti kama padri kwenye misa. Mti mkongwe huzaa kidogo, akasema, na kila glasi ina historia ya mahali. Meza nzima ikatikisa kichwa. Mimi pia. Na ilikuwa poa, sitadanganya.

Kisha nikamwuliza rafiki yangu mara ya mwisho alionja kaluvu lini. Akacheka karibu amwage glasi. "Wee, unataka nipofuke?"

Huyu ni Mkamba, mtoto wa Mwala, na posa ya dadake mkubwa haikukamilika mpaka mbuzi wa ntheo na pombe ya wazee zilipofika nyumbani kwao. Lakini pombe hiyo kwake ni sumu, na ile ya Rasi ni utamaduni.

Tuelewane. Sina noma na waini ya Rasi. Wale watu wamefanya kazi. Cinsault iliwahi kuwa zabibu nyekundu iliyopandwa kuliko zote Afrika Kusini, na hakuna aliyeipigia saluti. Ilikuwa ya kujaza mapipa ya waini ya bei rahisi. Mizabibu ilipozeeka na mavuno kupungua, mkulima aling'oa akapanda kingine. Ndipo watu wakaanza kuitafuta ile iliyobaki, shamba kwa shamba, na mwaka 2016 wakaunda Old Vine Project. Shamba likifikisha miaka 35, chupa inaweza kubandikwa muhuri wenye mwaka ambao mizabibu ilipandwa. Mnunuzi analipa zaidi, mkulima anapata sababu ya kuacha shoka. Kwa hivyo hata Cinsault ilikuwa kaluvu yao. Kilichobadilika ni daftari, muhuri na bei.

(Yule jamaa hakugusia dop, ule mtindo wa kuwalipa vibarua wa mashamba ya Rasi sehemu ya mshahara kwa waini, kwa vizazi. Historia ya mahali, lakini si yote.)

Sasa njoo kwetu. Muatine ni ule mti wenye matunda marefu yanayoning'inia kama soseji, mwegea kwa Kiswahili, muratina kwa Wakikuyu. Babu yangu alikuwa akilipasua tunda, akalichemsha, akaondoa mbegu na kulianika mpaka likabaki nyuzinyuzi kama sponji. Sponji hilo ndilo hubeba hamira. Analitumbukiza kwenye asali na maji, au maji ya miwa, mtungi unakaa karibu na moto, na pombe inaanza kunong'ona. Ikiwa tayari analitoa, analianika tena, na kulitumia mara nyingine. Yake alipewa na babake. Wazungu wakifanya hivyo kwa unga wa mkate tunawaandikia makala.

Nilijua tu mtu ataniambia, "Lakini watu walikufa." Ndiyo, walikufa. Juni 2005, hapa hapa wilaya ya Machakos, watu zaidi ya 40 walikufa kwa pombe haramu, na wengine wakapoteza macho. Ilikuwa na methanoli. Methanoli ni kemikali ya viwandani, mtu huimimina makusudi ili pombe iwe kali haraka na faida iwe nono. Haikutoka kwenye mtungi wa asali. Ila tangu hapo muuaji na babu yangu wanaitwa kwa jina moja: wapika pombe haramu. Babu aliwahi kulala seli siku mbili kwa mtungi mmoja wa harusi. Mtungi ukamwagwa. Sponji la babake likatupwa mtaroni. Hilo ndilo lililomuuma, si seli.

Sheria ya 2010, ile ya Mututho, iliruhusu hata chang'aa, mradi iwe na leseni na iingie kwenye chupa. Sawa. Mwenye kiwanda anaweza. Mzee mwenye mitungi miwili na miatine mitatu, aanzie wapi? Mimi nataka kaunti iwe na leseni ndogo, ya bei ya mzee, na mtu wa kupima kilichomo mtungini. Na sisi wa elfu mbili kwa kichwa tuache unafiki: tuliweza kujifunza kutamka Cinsault, tutashindwa vipi kuulizana muatine wa Mwala una ladha gani tofauti na wa Kangundo?

Babu ametutoka. Muatine wake bado umesimama nyuma ya zizi, na alisema aliukuta ukiwa mkubwa. Juzi binamu yangu amenipigia. Kuna mtu wa kuchoma matofali anautaka kwa kuni, ametoa elfu nne. Hiyo ni bei ya watu wawili kwenye ile meza ya waini. Nimemwomba binamu anipe hadi mwisho wa mwezi.