Asiachwe Njiani Mtoto Asiyeweza Kutembea



Njia ya kale itokayo Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ina historia chungu. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita hapa kwetu, na mtumwa aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani afe, au aliuawa. Njia hiyo haijaacha kupitwa na wenye mateso. Mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji walipokelewa Ulyankulu, mkoani mwetu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Na mwaka 2015 Warundi wengine waliingia kwa maelfu, wengi wao wakichukuliwa na meli ya Liemba kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Mkimbizi huondoka na kile awezacho kubeba. Mama mwenye mtoto mlemavu hulazimika kuchagua kati ya mtoto na kiti chake cha magurudumu. Naye humbeba mtoto. Hivyo mtoto hufika salama, lakini bila miguu yake. Kambini atapewa unga, maharage na blanketi. Je, atafikaje bombani, darasani, au chooni? Atabaki mgongoni mwa mama anayezidi kuchoka, huku yeye akizidi kukua.

Wapo wasemao kwamba chakula na dawa vitangulie, mengine yatafuata baadaye. Hoja hiyo ina uzito, hasa mgawo wenyewe unapopunguzwa. Lakini “baadaye” ya mkimbizi ni ndefu: waliofika Ulyankulu mwaka 1972 walingoja hadi mwaka 2014 ndipo vyeti vya uraia vikaanza kugawiwa. Utoto haungoji kiasi hicho.

Wala jambo hili si hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 11 inazitaka nchi kuwalinda watu hao wakati wa vita na maafa. Mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Haki imekwisha kuandikwa. Linalobaki ni kuitenda.

Tena kifaa si zawadi ya siku moja. Kiti cha mtu mzima humpinda mtoto mgongo. Mguu bandia humbana kadiri anavyokua. Kifaa cha kusikia hunyamaza betri ikiisha. Apelekwapo mtoto kifaa, fundi naye apelekwe.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, wanaoandikisha wakimbizi waulize kila mtoto mlemavu alikuwa akitumia kifaa gani, na kiko wapi. Pili, kila mtoto apimwe kabla ya kupewa. Tatu, parokia zilizo karibu na makambi ziwashirikishe mafundi baiskeli, ambao hawakosekani katika miji yetu, wajifunze kutengeneza viti hivyo. Kanisa la Tabora halianzi leo: mwaka 1963 lilianzisha hapa shule ya viziwi, ya kwanza nchini. Nazo jumuiya ndogo ndogo ziwatafute watoto waliofichwa ndani, wa wageni na wa kwetu pia.

Wazee wetu wa Unyamwezi walisifika kwa kubeba mizigo ya wengine hadi pwani. Sisi tusishindwe na gongo la mtoto.