Karatasi za Ukaazi na Haki za Mke

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mama mmoja wa hapa Mombasa ametuandikia barua ndefu, naye ametaka jina lake tulisitiri. Asema kuwa binti yake aliolewa mwaka 2020 na kijana wa Kiislamu aliye raia wa Marekani, akamfuata mumewe mwaka 2021, akapewa kadi ya ukaazi ya miaka 2. Kadi hiyo ikaisha mwaka 2023, na mpaka leo hajapewa nyingine. Babu yake alipofariki hakuja maziarani, kwa kuchelea kuwa akitoka hataruhusiwa kurejea. Majirani wamekwisha kusema yao: kuwa binti hana chake kule, na kuwa mume amemdanganya. Baba yake sasa anataka kumwandikia mkwe barua ya kumdai talaka. Mama auliza: Je, yafaa?

Tumeliona swali hili kuwa ni la nyumba nyingi, kwani siku hizi ni wachache wasio na mtoto au ndugu Minneapolis, au Columbus, au mji mwengine wa mbali. Kwa hivyo tutalijibu kwa urefu, inshallah.

Kabla ya kulitamka neno talaka, ambalo ni neno zito, yapasa tupambanue baina ya mambo mawili yanayofanana kwa sura: kuchelewa kwa ofisi, na dhulma ya mume. Kwa la kwanza twatakiwa tusubiri. La pili ni munkari, na munkari hautakiwi kusubiriwa bali kuondolewa. Nyumba nyingi zimevunjika kwa kulichukua la kwanza kuwa la pili, na wanawake wengi wameonewa kwa kuambiwa kuwa la pili ni la kwanza.

Na tuanze na ofisi. Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia ndoa za hila. Kwa sheria hiyo, mtu ambaye ndoa yake haijatimiza miaka 2 siku anapopewa ukaazi kwa ajili ya ndoa, hapewi ukaazi usio na sharti. Hupewa kadi ya miaka 2 tu, ile ambayo watu wetu huiita grini kadi ya masharti. Katika siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, mume na mke hupeleka pamoja ombi liitwalo I-751, wakitoa ushahidi kuwa ndoa yao ni ya kweli: mkataba wa nyumba wenye majina ya wote wawili, hesabu ya benki ya pamoja, karatasi za kodi, vyeti vya kuzaliwa watoto, na mfano wa hayo. Ombi likipokewa, idara ya uhamiaji huleta barua ya risiti, na barua hiyo ndiyo inayourefusha muda wa ile kadi iliyokwisha.

Sasa tutazame urefu wenyewe. Mwaka 2018 barua hiyo ilifanywa iongeze miezi 18. Mwaka 2021 ikafanywa miezi 24. Januari 2023 ikatangazwa kuwa itaongeza miezi 48. Nyongeza hizi zenyewe zatosha kuonyesha jinsi maombi yalivyorundikana. Idara haikuongeza muda wa barua kwa kuwapenda waombaji, bali kwa kujua kuwa haitawahi kuwajibu kabla ya muda wa zamani kwisha. Basi binti ambaye kadi yake imekwisha tangu 2023, na ombi lake limepelekwa kwa wakati wake, na barua anayo mkononi, si mtu aliyetupwa. Ni mkaazi kwa sheria, ana haki ya kufanya kazi na ya kusafiri akarejea, madhali anayo kadi ile ya zamani, na barua, na pasipoti. Hata hivyo asisafiri kabla ya kumuuliza wakili anayeijua kazi hiyo, kwa sababu amri za mambo ya wageni hubadilika, wala asikae nje muda mrefu. Kutoka kwa zaidi ya miezi 6 humtia katika masuala, na kupita mwaka mzima bila ya idhini ya kabla huhatarisha ukaazi wenyewe.

Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Katika jambo hili kumfunga ngamia ni mambo machache. Kila karatasi itiwe nakala na iwekwe pahala pawili. Wakihama nyumba, idara ijulishwe katika siku 10, kwani hiyo ni amri ya sheria, na barua nyingi hupotea kwa kupelekwa nyumba ya zamani. Barua ya nyongeza ikikaribia kwisha na jawabu halijafika, waombe muhuri wa ukaazi katika pasipoti. Na mke wa raia, akitimiza miaka 3 ya ukaazi hali ya kuwa anakaa na mumewe, na mume amekuwa raia muda wote huo, aweza kuomba uraia hata kama ombi lile la kwanza halijajibiwa. Na mara nyingi jambo hilo huyafungua yote mawili.

Enyi dada zetu mnaosubiri, msidhani kuwa nyinyi ni wa kwanza kuzuiliwa na waume zenu kwa amri za watu. Bibi Umm Salama (r.a.) alipotoka Makka na mumewe Abu Salama na mtoto wao mchanga kwenda Madina, jamaa zake walimzuia, wakamwambia mumewe aende peke yake. Jamaa za mume nao wakaja, wakamnyang'anya mtoto. Mume akawa Madina, mtoto yuko kwa watu wengine, na mama yuko pekee. Akawa kila asubuhi akitoka kwenda Abtah, akilia mpaka jioni, muda wa mwaka au karibu ya mwaka, hata mmoja katika jamaa zake akamwonea huruma, akawasemesha wenzake, wakamwacha. Akarejeshewa mwanawe, akapanda ngamia akaishika njia. Alipofika Tan'im alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hajasilimu, naye akamsindikiza kwa heshima kubwa mpaka Quba.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, ni kuwa Bibi Umm Salama alilia, na kulia kwake hakukuhesabiwa kuwa ni kukosa subira. Binti anayelia katika simu usiku asikemewe. La pili, ni kuwa mlango ulifunguliwa na mtu mmoja aliyesema neno la huruma kwa wenye amri. Basi sisi jamaa tujiulize: neno letu latia huruma, au laongeza moto?

Twende katika jambo la pili, nalo ni dhulma ya mume.

Wako wanaume, Mwenyezi Mungu awaongoe, walioifanya karatasi kuwa bakora. Mke akidai nafaka yake, huambiwa: Nitakurejesha kwenu. Akitaka kuzungumza na mamaye, huambiwa: Sitatia sahihi. Barua za serikali zikija hufichwa, na pasipoti hutiwa kabatini kwa ufunguo. Mtu kama huyu huswali safu ya mbele, na watu humdhania mwema. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratun-Nisaa, aya ya 129, tusimwache mke kama kitu kilichotundikwa, asiye na mume wala asiyeachwa akaolewa na mwengine. Na katika Suratul-Baqara, aya ya 231, amekataza kuwazuia wanawake kwa kuwadhuru, akamhesabu afanyaye hivyo kuwa ameidhulumu nafsi yake. Kumtundika mke kwa karatasi ya ukaazi ni kumtundika vile vile. Kamba ni mpya, dhulma ni ile ile.

Na yapasa kila mwanamke ajue, na kila mzazi ajue, kuwa vitisho hivyo havina nguvu kama vinavyodhaniwa. Sheria ile ile ya Marekani imemruhusu mke kupeleka ombi la I-751 peke yake, bila ya sahihi ya mume, ikiwa ndoa iliingiwa kwa nia njema kisha ikavunjika kwa talaka, au ikiwa mume amempiga au kumtesa, au ikiwa mume amefariki. Asiyelijua hili huvumilia kipigo miaka akidhani ndiyo bei ya kadi. Wallahi hakuna katika sharia ya Kiislamu wala katika sheria ya nchi ile bei ya namna hiyo.

Kadhalika mume akumbuke kuwa alipomwita mke alitia sahihi dhamana mbele ya serikali, ya kuwa atamtunza asiwe mzigo kwa nchi. Kwa sheria yao, dhamana hiyo haiondoki kwa talaka. Huondoka mke akiwa raia, au akihesabiwa kazi ya robo 40 za mwaka, au akihama nchi moja kwa moja, au mmoja wao akifa. Twajua kuwa katika fikihi nafaka ya mwenye kuachwa ina mpaka wake. Lakini hii ni ahadi nyengine, aliyoiandika kwa mkono wake, na Suratul-Maida imeanza kwa kuwaamrisha wenye kuamini watimize mapatano yao. Asijifiche nyuma ya edda.

Nao waume ambao wake zao wako huku, wakingojea visa, wasijione wamesalimika. Mwenye uraia, mkewe hana foleni ya idadi ya kila mwaka. Lakini mwenye kadi ya ukaazi tu, mkewe yumo katika foleni yenye idadi, na foleni hiyo yaweza kuchukua miaka. Hili alieleze siku ya posa, mbele ya walii, si baada ya nikaha. Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.) aliwaandikia makamanda wa majeshi kuhusu wanaume walioghibu mbali na wake zao, wapeleke nafaka au waache, na wakiacha, wapeleke nafaka ya siku zilizopita. Ikiwa askari wa jihadi hakusamehewa, basi dereva wa gari la mizigo huko Ohio atasamehewa vipi?

Lipo na jambo la tatu ambalo hatuwezi kulinyamazia, nalo ni ndoa ya karatasi. Baadhi ya vijana hupatana na mtu waandikiwe ndoa, fedha zikalipwa, na kila mmoja akakaa kwake, wakisema: Hii si ndoa, ni karatasi tu. Kwa sheria ya Marekani hiyo ni jinai, na adhabu yake yafika kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 250,000. Na kwa dini ni kubwa zaidi, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa nikaha, na talaka, na kumrejea mke, ni mambo ambayo mzaha wake ni kweli. Nguzo za nikaha zikitimia, basi ameoa, apende asipende. Ana wajibu wa mume, na yule ni mke wa mtu. Na katika sababu zinazowachelewesha wenye ndoa za kweli ni hawa, kwani kila mwenye hila mmoja huwafanya wakweli wengi kuchunguzwa kama wezi.

Kwa wazazi walio huku nasi tuna maneno. Msiozeshe bila ya kuandikisha. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, na ile ya Tanzania ya mwaka 1971, zote zataka ndoa za Kiislamu ziandikishwe, na nikaha iliyofungwa ukumbini ikaishia katika pilau haimsaidii binti mbele ya ofisa yeyote. Jina la binti liwe namna moja katika cheti cha kuzaliwa, na cheti cha ndoa, na pasipoti. Mwaka huu Fatma binti Ali, mwaka wa pili Fatuma Aly, ndiyo mwanzo wa maswali.

Sasa twarejea kwa mama aliyetuandikia, na jawabu letu ni hili. Baba asiipeleke ile barua. Na ampigie simu binti yake, azungumze naye wakati mumewe hayupo karibu, amuulize mambo manne: Ombi lilipelekwa, na risiti wewe mwenyewe umeiona? Pasipoti yako unayo? Mumeo anakulisha na kukuvika kwa wema? Je, amewahi kukutisha kwa karatasi? Ikiwa majibu ni mema, basi mkwe wenu ni msubirifu kama nyinyi, naye anastahili dua zenu, na majirani wajibiwe kwa ukweli huu ili wanyamaze. Ikiwa majibu ni mabaya, msimwambie binti yenu asubiri. Mwambieni atafute wakili, na imamu mwadilifu wa mji ule, na mlango wa kwenu muuache wazi, asirudi kwa aibu akirudi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awakutanishe waliotengana, awalipe wenye kusubiri, na atuepushe na dhulma, tusiwe wenye kudhulumu wala wenye kuinyamazia.

Wabillahi ttawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.