Anga ya Shishiyu na ndege za mabua

Mkonge ukikaribia kufa huchomoza mlingoti katikati, mrefu kupita paa la nyumba. Mlingoti huo ukikauka huwa mwepesi hata mtoto wa darasa la nne huubeba begani peke yake. Mkoani Simiyu, ambako mkonge hupandwa kuwa mpaka wa shamba na ua wa boma, mlingoti ni fito na ni kuni. Kwa anayeunda ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti ni mali zaidi ya hapo: ukichongwa vipande vyembamba unakaribia balsa, mti wa Amerika ya kitropiki ambao waundaji wa ndege hizo wameutegemea kwa miongo mingi.

Naanza na mkonge kwa sababu mazungumzo ya burudani hii kwetu hufungwa mapema kwa kauli moja, kwamba ni mchezo wa matajiri. Si kweli kwa sehemu kubwa ya kazi. Bawa la kwanza laweza kutoka kwenye lile povu gumu jeupe linalofungashia televisheni, likaimarishwa kwa ufito wa mkonge na gundi. Kinachohitaji fedha ni mota, betri ya lithiamu, rimoti na kipokezi chake, na vitu hivyo vikundi vya vijana vinaweza kuvichangia. Ugumu mkubwa uko kwingine. Kijana wa Shishiyu, wilayani Maswa, akiisha kuiunda ndege yake, airushe kwa ruhusa ya nani?

Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 za ndege zinazoongozwa kutoka mbali, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake katika vibali. Kanuni hizo zilikuja wakati droni zenye kamera zilikuwa zimeenea harusini, mashambani na mbugani, na ilikuwa haki ziwepo. Lakini ukizisoma kwa macho ya mtoto mwenye ndege ya gramu 200 aliyoichonga mwenyewe, unaona hazikumwazia yeye. Droni ya kiwandani ina jina la mtengenezaji na namba yake. Ndege ya mabua ikianguka Jumamosi, Jumapili inazaliwa upya na bawa jingine. Utaisajili mara ngapi?

Wanaotaka anga ibaki imefungwa wana hoja, na sitaipuuza. Historia yenyewe iko upande wao. Miaka ya 1930 mwigizaji mmoja Mwingereza aliyekuwa Hollywood, Reginald Denny, alipenda ndege za modeli hadi akafungua duka lake. Kutokana na mapenzi hayo ikazaliwa kampuni ya Radioplane, iliyouzia jeshi la Marekani karibu ndege 15,000 zisizo na rubani za kufanyia mazoezi ya shabaha katika Vita vya Pili vya Dunia. Mchezo na silaha vilitoka karakana moja. Ofisa wa usalama anayeuliza maswali akiona kitu kinaruka bila mtu ndani anafanya kazi yake. Tena Simiyu inapakana na Serengeti, ambako ndege ndogo za watalii huruka chini kuliko zile za safari ndefu, na kurusha droni ndani ya hifadhi bila kibali ni marufuku. Hilo lisiguswe.

Ila hofu hiyo haituambii tumfanye nini mtoto. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilieleza katika waraka wake kwamba ndege za modeli zinazorushwa kwa burudani tu ziko nje ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kila nchi ijitungie utaratibu wake ikipenda. Kwa hiyo mikono yetu haijafungwa na mtu wa nje. Marekani, yenye anga iliyosongamana kuliko yetu mara nyingi, haimtaki mrushaji wa burudani asajili ndege isiyozidi gramu 250. Inamtaka afanye mtihani mfupi wa bure, aiangalie ndege yake kwa macho wakati wote, na mbali na viwanja vya ndege asipite futi 400, yaani kama mita 120.

Na sisi tumewahi kufungua anga. Mwaka 2018, katika mradi wa majaribio, droni ya Wingcopter iliyopewa nembo ya DHL ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, juu ya Ziwa Victoria. Oktoba ya mwaka huohuo Mwanza ikakaribisha mashindano ya droni ya Lake Victoria Challenge. Nilifurahi, na bado nafurahi, kwa sababu dawa ni uhai. Lakini inaniuma kwamba mlango unafunguka haraka kwa aliyekuja na ndege iliyokamilika, huku yule ambaye angeweza kuja kuiunda hapahapa hana hata mahali pa kuanguka nayo. Ufundi wa ndege hujengwa kwa kuanguka. Mtu hujua uzito unapaswa kukaa wapi baada ya ndege yake kuinua pua, kusimama hewani kidogo na kudondoka. Ndipo anasogeza betri mbele mpaka uzito ukae kwenye robo hadi theluthi ya upana wa bawa, akipima kutoka ukingo wa mbele. Na anayerusha Simiyu ana somo ambalo mwenzake wa Tanga halipati. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 10, na jua la mchana huipunguza zaidi. Ndege iliyopaa vizuri pwani itataka mwendo zaidi au bawa pana zaidi ili ipae Maswa. Ikifika saa saba kuna kisulisuli, kinachoweza kulivunja bawa kabla mrushaji hajageuza kidole. Hiyo ni fizikia ya kidato cha tatu, yenye vumbi.

Tangu Januari 2024 shule za sekondari zimeanza kupokea mkondo wa amali, kufuatia sera ya elimu toleo la 2023. Ukitafuta kazi moja ya mikono inayokutanisha useremala, umeme, redio na hesabu ndani ya kitu kinachobebwa kwapani, sijui utapata nini kizuri kuliko hiki. Na matumizi hayako mbali. Utafiti uliofanyika kandokando ya hifadhi zetu na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la Oryx ulionyesha kwamba droni huwaondoa tembo mashambani. Mlio wake unafanana na wa nyuki, na tembo huwaogopa nyuki. Wakulima wa wilaya za Meatu na Itilima wanaolala mashambani kulinda mahindi wanaelewa uzito wa habari hiyo. Droni hizo zitahitaji fundi wa kubadilisha mota iliyoungua, na fundi huyo asiwe kilomita mia kadhaa kutoka shambani.

Ninachoomba TCAA ni aya moja tu ndani ya kanuni: ndege ya modeli isiyozidi gramu 250, isiyo na kamera, inayorushwa mchana kwenye uwanja uliotajwa na serikali ya kijiji chini ya usimamizi wa mwalimu, isidaiwe usajili wala kibali cha kila safari. Mwalimu afanye mtihani, jina lake liandikwe wilayani, polisi wapewe ratiba. Betri zichajiwe nje, mbali na nyumba za nyasi, kwa sababu lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi. Watu wanaohofia usimamizi wakumbuke kwamba hii ni nchi ya sungusungu. Kijiji kilichoweza kulinda ng'ombe usiku hakishindwi kujua nani amesimama na rimoti uwanjani saa mbili asubuhi.

Uwanja upo. Pamba ikiisha kuvunwa na masalia yake kung'olewa na kuchomwa, mashamba hubaki wazi hadi mvua za kwanza, na asubuhi, kabla upepo haujaamka, vumbi bado limelala.