Kungoja si Kupumzika

Jahazi litokalo Moa kwa safari ya usiku kucha huwa na zamu za sukani. Hapana nahodha mwenye akili atakayeishika peke yake tangu magharibi hadi alfajiri ilhali anao mabaharia. Lakini si mbali na hapo, katika barabara ya Tanga hadi Horohoro, jambo lililo wazimu baharini twaliita uhodari wa kazi.

Tumtazame dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam kwenda Mombasa. Afikapo Horohoro amekwisha kwenda zaidi ya kilomita 400. Hapo huingia kwenye foleni. Kulala hawezi, maana lori la mbele likisogea hatua mbili naye hana budi kusogea. Tena ailinde mizigo, turubai na mafuta yake. Utingo hana leseni ya gari lile. Karatasi zikigongwa muhuri saa 8 usiku, tajiri hupiga simu: umelala mpakani kutwa nzima, haya ondoka!

Kauli hiyo ndiyo tunayoipinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kazi ya siku isizidi saa 9, na pamoja na ziada isipite saa 12. Tena mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika kabla ya kurudi kazini. Sheria basi tunayo. Kinachokosekana ni kuihesabu foleni kuwa ni kazi.

Wenye magari hujibu kwamba madereva wenyewe ndio wapendao kukimbilia. Wapo, hatukatai. Lakini alipwaye kwa safari hulala kwa hasara yake. Madereva walipogoma mwezi Aprili na Mei mwaka 2015, moja ya madai yao ilikuwa mikataba ya ajira. Abiria waliokwama vituoni walinung'unika, na haki walikuwa nayo. Dai lile nalo lilikuwa la haki.

Wataalamu wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa macho na mikono kama mtu aliyekunywa pombe ya kiasi kinachoadhibiwa barabarani katika nchi nyingi. Askari wetu hunusa pumzi ya dereva na kukagua matairi. Na amwulize pia aliamka saa ngapi.

Wakuu wa mpakani nao wagawe namba za zamu, na pawepo uwanja wenye ukuta, taa, maji na mlinzi, ili dereva alale bila kupoteza nafasi yake. Wenye malori waandike katika mikataba kwamba saa za foleni ni saa za kazi, wazilipe. Miongoni mwao wamo wanachama wenzetu, na bila shaka wasomaji wa ukurasa huu. Twawataka wao ndio waanze.