Je, Kunena na Mlevi Kwahitaji Shahada?

Yako maneno yanenwayo Marangu, Machame na Kibosho, hata katika mabaraza ya wazee, ya kuwa ni upuzi kumpeleka mtu chuo kikuu apate shahada ya pili ya kuzungumza na walevi. Mlevi, wasema, ahitaji aibu na sala tu. Maneno hayo twayapinga, wala si kwa upole, kwa kuwa huua watu.

Hatuneni habari ya kata ya mbege arusini. Mbege ya ndizi na ulezi, yenye uchungu wa gome la msesewe, wazee wetu waliinywa kwa taratibu, na kila mtu alijua nani ashike kata kwanza. Twanena habari ya gongo, na ya pombe kali inywewayo asubuhi kabla ya chai. Serikali ilipiga marufuku viroba Machi 2017. Vifuko viliondoka, kiu ikabaki.

Basi, jamaa humtendaje mlevi wao? Humfungia chumbani ili aache kwa siku moja. Hawajui ya kuwa mwili uliozoea pombe kali kwa miaka mingi, ukinyimwa ghafula, waweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kuanguka kifafa, hata kufa. Majirani husema amerogwa. Mshauri aliyesoma angaliuliza alikunywa lini mara ya mwisho, na kama amewahi kuanguka. Angalimpeleka hospitali kabla ya usiku wa pili. Je, elimu hiyo hupatikana kwa kukemea?

Wengine hujibu ya kuwa muuguzi atosha. Kweli, katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, wauguzi wamefundishwa kunena na majeruhi wanywao, kwa mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Twausifu sana. Lakini mazungumzo hayo ni mafupi, tena ni ya mtu aliyekwisha kuumia. Nani atamfuata akirudi Rombo? Nani atawasimamia wauguzi, na kupima kama maneno yao yaponya? Hiyo ndiyo kazi ya mwenye shahada ya pili. Chuo Kikuu cha Muhimbili hufundisha saikolojia tiba kwa daraja hiyo. Na hospitali ya Muhimbili, ilipoanza 2011 kuwapa methadoni watumiao heroini, haikuwapa dawa bila ushauri. Pombe haina methadoni yake. Hapo mshauri ahitajiwa zaidi.

Sala hatuiondoi. Lakini mgonjwa wa malaria twamwombea tukiwa njiani kwenda hospitali. Mbona mlevi twamwombea tukiwa tumefunga mlango kwa nje?

Usharika ulioweza kuezeka kanisa kwa bati jipya waweza kumlipia muuguzi mmoja ada yake. Wazee wakikutana tena barazani, waulizwe jina la muuguzi huyo, na mwezi atakaoanza masomo.